Risasi iliyomlenga askari ikapiga bunduki yake: inatokea mara ngapi?

Kuna ile picha ya risasi mbili zimechomana kama msalaba, moja imepita katikati ya nyingine, kila mwaka lazima izunguke mitandaoni na maelezo ni yale yale, eti zilikutana hewani kule Gallipoli, Uturuki, 1915 wakati Waturuki wanatwangana na Waingereza na wenzao, na chini mtu ameandika uwezekano wake ni moja kwa bilioni. Kitu chenyewe ni cha kweli, hakijatengenezwa. Ila wanaojua silaha walivyokiangalia vizuri waliona jambo moja: risasi iliyochoma ina ile mistari ya msokoto ambayo mtutu huichora kwenye kila risasi inayopita ndani yake, ile iliyochomwa haina. Yaani haikuwahi kufyatuliwa. Ilikuwa imekaa zake kwenye mkoba wa mtu au kwenye sanduku, mwenzake akaifuata huko huko.

Sasa wengi wakishasikia hivyo wanaona stori imeharibika. Mimi naona ndo imenoga, maana kumbe hapo tunaangalia risasi iliyompiga askari kwenye vifaa vyake badala ya mwili. Na kama inaweza kupiga mkoba, vipi bunduki, ambayo ni kitu kirefu, kigumu, na muda wote wa mapigano kiko mbele ya kifua au mbele ya uso? Kwenye muvi hatuoni kabisa. Risasi zinapiga ukuta, kioo, bega la stelingi, bunduki yake inabaki safi mpaka mwisho, labda iwe muvi za kauboi ambapo mtu anampiga mwenzie bastola ikadondoka na vidole vyote vimebaki salama (hilo nalo tutaliona).

Jibu la haraka ni kwamba bunduki zinapigwa, na sio kwa nadra kama tunavyofikiri. Lakini ukitaka namba moja ya kusema "bunduki moja kati ya kadhaa" unakwama, kwa sababu inategemea askari amekaaje na adui anaona nini. Ngoja nieleze.

Anza na kinachohesabiwa. Vitani wanaohesabu kwa umakini ni madaktari, na daktari anahesabu matundu kwenye mwili. Kwa majeruhi wa Kimarekani wa Iraq na Afghanistan kati ya 2001 na 2005 zaidi ya nusu ya majeraha yalikuwa mikononi na miguuni, kichwa na shingo karibu theluthi, kifua ni asilimia 6 hivi tu, na hapo kuna mchango mkubwa wa yale mabamba ya kwenye fulana ya kuzuia risasi. Hizo takwimu ni tamu sana kwa anayetaka kujua fulana inasaidia nini. Bunduki haimo, maana bunduki hailazwi wodini. Ikiharibika inarudi kwa fundi wa silaha au inafutwa kwenye daftari kama imepotea vitani, na ukishaandika "imepotea vitani" hapo hujasema kama ilipigwa na risasi, ililipuliwa na bomu, au iliachwa mtoni watu wanakimbia.

Kwa hiyo tufanye hesabu ya kienyeji. Mwanaume mzima akisimama anakuangalia, eneo lake la mbele unaloliona ni kama nusu mita ya mraba, tuseme sentimita za mraba 5,000. Bunduki aina ya M4, ile fupi ya jeshi la Marekani, ikiwa kitako kimevutwa ina urefu wa sentimita 84 hivi, na ukichukua upana wa wastani wa sentimita 7 kuanzia kitako mpaka mdomo wa mtutu unapata kama 600. Maana yake askari aliyesimama ameishika bunduki kwa kuikingamisha kifuani, katika kila risasi nane zinazompata popote pale, moja hivi ingekutana na bunduki kwanza. Sio kidogo hiyo!

Ila mtu anayekupiga hakuoneshi ubavu wa bunduki, anakuonesha mdomo. Ikikugeukia, bunduki nzima inakuwa kitu chembamba, upana sentimita 5, urefu kuanzia darubini juu mpaka tako la magazini chini kama 25, jumla 125. Hapo imeshuka mpaka moja kwa arobaini. Mtu akiishia hapa anasema basi, bunduki haipigwi, tufunge mjadala.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu mwenye akili anayepigana akiwa amesimama wima uwanjani. Analala, anajibanza nyuma ya jiwe, anatokeza kwenye kona ya ukuta, na hapo mwili wote unapotea, kinabaki kipande cha uso na helmeti, vidole, kidogo cha bega, na bunduki. Ukiweka kichwa kilichotokeza nusu 400, mikono na bega 200, na bunduki 100 tu kwa sababu sehemu ya magazini nayo imejificha, bunduki sasa ni moja ya saba ya vyote ambavyo adui anaweza kuvipiga. Kumbuka bunduki haijakua, mwili ndo umepungua. Kadiri askari anavyojificha vizuri ndivyo bunduki yake inavyochukua sehemu kubwa ya shabaha, na hicho ndicho kitu ambacho watu wakiuliza hili swali hawakiweki kwenye hesabu.

Na kuna mwisho wa hiyo njia kabisa. Gallipoli hiyo hiyo, Mei 1915, koplo mmoja wa Australia anaitwa William Beech alichoka kuona wenzake wakitokeza kichwa kwenye handaki wanapigwa hapo hapo, akachukua bunduki akaifungia fremu ya mbao yenye vioo viwili na kamba ya kuvutia kifyatulio, mpigaji anakaa chini kabisa anaangalia kwenye kioo cha chini, bunduki peke yake ndo iko juu ya ukingo wa handaki. Wakazitengeneza nyingi pale pale ufukweni. Kwa adui aliye upande wa pili sasa hakuna uso wala bega, kuna mtutu na kioo, na periskopu za kawaida za kuchungulia zilikuwa zinapasuliwa na snaipa kama chupa za kufanyia mazoezi. Hapo uwiano ni moja kwa moja, ukipiga chochote umepiga kifaa. Yule jamaa aliye chini anatingisha vipande vya kioo kwenye kofia anaendelea kuishi.

Sasa kuna kitu kingine hakina uhusiano na vipimo, ni macho. Mtu akikuelekezea bunduki, unaangalia nini? Unaangalia bunduki. Na risasi inafuata jicho. Wanaofundisha polisi na wanajeshi kwa zile risasi za rangi wanalijua hili miaka mingi, mazoezi yakiisha watu wanavua glavu vidole vimevimba, rangi iko kwenye vidole, kwenye viganja na kwenye bunduki zenyewe kuliko ulivyotegemea. Mimi nimewahi kucheza ule mchezo wa kupigana risasi za rangi mara moja tu maishani, nikajificha nyuma ya pipa najiona komando, nikatolewa dakika ya tatu kwa risasi iliyonipiga kwenye bunduki, nikaanza kubisha kwamba mimi sijaguswa, refa akanicheka akaniambia kule bunduki inahesabika ni mwili. Wameweka hiyo sheria kwa sababu inatokea kila saa.

Kule Colorado, Marekani, mwaka 2016 kuna askari polisi mmoja alirushiana risasi na majambazi kwa karibu, risasi ya adui ikaingia moja kwa moja ndani ya mtutu wa bastola yake. Ukisikia hivyo unasema miujiza, lakini fikiria: watu wawili wako hatua chache, kila mmoja anaangalia bastola ya mwenzake, na bastola zote mbili zimenyoosheana. Bado ni bahati ya ajabu, ila sio bilioni. Carlos Hathcock, yule snaipa wa Marine wa Marekani, naye alisimulia kwamba Vietnam aliona kitu kinamemeta kichakani akapiga, risasi ikapita ndani ya darubini ya snaipa wa upande wa pili mpaka jichoni. Watu wamebishana sana kama inawezekana, ila hoja yake mwenyewe ina mantiki: risasi haiwezi kupita katikati ya darubini mpaka darubini iwe inakuangalia wewe, kwa hiyo yule jamaa alikuwa kwenye hatua ya mwisho ya kufyatua.

Nisikupotoshe lakini. Habari ya macho inafanya kazi kwa umbali wa chumba, wa korido, wa mtaa. Kwenye mita 300 askari wengi hawamuoni adui kabisa, wanaona vumbi, wanaona mwanga wa mtutu, wanamimina risasi kwenye ule uelekeo ili yule mwingine asiinue kichwa, na risasi zinaangukia eneo zima kama mvua. Hapo inarudi ile hesabu ya nani ametokeza nini.

Halafu kuna hili ambalo lingepaswa kuja mwanzo: risasi sio muuaji mkuu wa vita za kisasa. Vita kuu zote mbili, mizinga na mabomu yalijeruhi watu wengi kuliko bunduki, na kwa wale majeruhi wa Iraq na Afghanistan niliowataja karibu wanne kati ya watano ni milipuko. Kipande cha bomu hakilengi. Kinaruka kila upande, kinapiga mgongo, kitako cha bunduki, chupa ya maji, redio, chochote. Kwa hiyo ukiokota bunduki iliyopasuliwa vitani, mtuhumiwa wa kwanza ni kipande cha bomu, risasi ya adui inafuata kwa mbali.

Na sio bunduki zote zinatafutwa sawa. Askari mmoja na bunduki yake hapendwi, ila rashasha kubwa inapendwa sana, kila mtu upande wa pili anataka iende. Zile Vickers za Waingereza zilikuwa na mtutu ndani ya bomba lililojaa maji, karibu lita 4, ili lisichemke haraka, na lile bomba ni pana kama paja la mtu, limekaa juu ya miguu mitatu halitembei. Tundu moja na maji yanamwagika, rashasha inafyatua vizuri tu kwa muda halafu inaanza kuchemka. Kisiwa cha Guadalcanal, bahari ya Pasifiki, Oktoba 1942, sajenti John Basilone alikuwa na rashasha za aina hiyo za Kimarekani, Wajapani wakaja usiku, sehemu moja ya rashasha zake ikatolewa vitani pamoja na watu wake, wakabaki wawili tu wanaoweza kuendelea, yeye akasogeza rashasha ya akiba, akaiweka, halafu akakaa chini katikati ya risasi anatengeneza nyingine iliyokufa. Alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, na ukisoma maelezo yake unaona nusu ya ushujaa wenyewe ni ufundi wa silaha gizani.

Wanat, Afghanistan, Julai 2008, mambo ni yale yale. Waliovamia ile kambi ndogo ya Wamarekani hawakuanza na askari mmoja mmoja, walianza na vile vitu vizito, gari lenye mtambo wa makombora likalipuliwa kwa RPG, ile roketi ya begani, mwanzoni kabisa na mota ya milimita 120 nayo ikapata. Askari tisa wa Marekani walikufa siku ile.

Haya, sasa bunduki imepigwa. Inakuwaje? Hapa ndo nilipotumia muda mrefu kufikiria, maana inategemea imepigwa wapi kwa sentimita chache tu.

Ikipigwa kitako na ni AK ya kitako cha mbao, mbao inapasuka, bega litalalamika, bunduki inaendelea kupiga kwa sababu springi yake ya kurudishia iko kwenye kiwiliwili cha bunduki. M16 sivyo, kwenye kitako chake kuna bomba lenye springi ambamo mitambo inarudi nyuma kila risasi ikitoka, lile bomba likipinda ndo basi tena, una rungu la kilo tatu. Ikipigwa mbele pale unaposhika kwa mkono wa kushoto, kuna kabomba kembamba ka gesi kanapita juu ya mtutu, kakitobolewa gesi inavuja na bunduki haijipakii yenyewe, unapiga moja, unavuta kwa mkono, unapiga moja, unavuta, kama bunduki za babu zetu, lakini unapiga. Ikipigwa magazini unaitoa unaweka nyingine, kama bahati iko upande wako. Darubini ikipasuka una zile shabaha za chuma za akiba. Mtutu ndo mbaya kimya kimya, kwa nje unaona kibonyo kidogo tu, ndani njia imebana, ukifyatua risasi inakwama na presha inatafuta pa kutokea, na uso wako uko pale pale nyuma.

Watu wengi wanaogopa magazini italipuka kama grunedi. Risasi ikiwaka nje ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapokaa kabla ya kufyatuliwa, inapasua ganda lake, lakini haitoki kwa kasi ile ya kuua, kwa sababu hakuna mtutu wa kuibana na kuisukuma. Inaumiza, inachoma, inarusha vipande vya shaba. Robert Howard, sajenti wa kikosi maalumu cha Marekani, Vietnam, tarehe 30 Desemba 1968, yalimkuta yote kwa siku moja: bunduki yake iliharibiwa na mlipuko wa grunedi uliomjeruhi, akatambaa bila silaha kumfuata kiongozi wake aliyeanguka, na wakati anamhudumia risasi ikapiga mkoba wake wa risasi, magazini kadhaa zikalipuka mwilini mwake. Akaendelea kumburuta yule kiongozi mpaka kwenye wenzao. Alikufa 2009.

Ila tukirudi kwa yule kauboi wa bastola na vidole salama: risasi ikigonga chuma haisimami ikasema samahani. Inavunjika, na vipande vya risasi na vya bunduki yenyewe vinaruka pembeni, na vilivyo pembeni ni vidole na mashavu. Kwa hiyo mtu ambaye bunduki yake imepigwa mara nyingi anafika hospitali akiwa na vipande mkononi, daktari anaandika jeraha la mkono, na bunduki iliyosababisha lile jeraha imebaki kule kule porini. Zile asilimia zaidi ya 50 za mikono na miguu, ndani yake kuna bunduki zilizopigwa, hazijaandikwa jina.

Upande mwingine kuna stori za "bunduki iliniokoa". Salvatore Giunta, Oktoba 2007, bonde la Korengal Afghanistan, risasi moja ilipiga bamba la kifuani na nyingine ikaharibu silaha aliyokuwa ameibeba mgongoni, akabaki mzima. Stori kama hizo ni za kweli na tunazisikia kwa sababu mwenye nazo yuko hai wa kuzisimulia. Hili ni tatizo lile lile alilolifanyia kazi mwanahesabu Abraham Wald kwenye vita kuu ya pili, alipokuwa na kundi la watu wa takwimu pale Columbia, kuhusu ndege za kivita zinazorudi na matundu: matundu unayoyaona ni ya ndege zilizorudi, zilizopigwa kwenye injini hazipo uwanjani uzihesabu. Bunduki iliyozuia risasi inawekwa kwenye kabati la kioo. Bunduki ambayo risasi ilipita kwenye plastiki ya mbele, ikaendelea mpaka kwenye shingo ya mtu, hiyo hakuna anayeipiga picha, na kwa jinsi bunduki inavyokaa mbele ya mwili, nyingi lazima ziwe za aina hiyo, imepigwa bunduki na amepigwa mtu kwa risasi moja.

Na askari aliyebaki mzima bunduki ikafa? Haendi kuandika ripoti, anaokota nyingine. Kwenye mapigano makubwa mikono inapungua haraka kuliko bunduki. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ziliokotwa bunduki 27,574 uwanjani, na walizikagua moja moja kiasi kwamba tunajua kama 24,000 zilikuwa bado zimejazwa, na kama 12,000 kati ya hizo zilikuwa zimeshindiliwa risasi mbili juu ya nyingine, mtu katikati ya kelele na moshi anajaza, anasahau kufyatua, anajaza tena. Hicho ndicho kilichowashangaza, na ndicho tunachokikumbuka mpaka leo kuhusu zile bunduki.